Kabla hujasema "sawa" kwa askari wa Marekani

Unga ulikuwa kwenye buti. Kilo mbili za unga wa muhogo, mweupe kama chokaa, umefungwa kwenye mfuko wa plastiki usio na jina wala nembo, maana aliyeniuzia ni mama mmoja wa Kikongo anayepima mwenyewe jikoni kwake. Ilikuwa Februari 2014, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, natoka zamu ya usiku ghalani, na baridi ya Ohio ilikuwa ile inayokufanya ujiulize huku ulifuata nini. Taa moja ya nyuma ya gari ilikuwa imeungua. Nilijua tangu wiki iliyopita, nikawa najiambia kesho, kesho.

Nikaona mataa ya buluu na nyekundu kwenye kioo. Nikaegesha pembeni.

Askari alikuwa kijana, mpole, ananiita bwana kila sentensi. Akachukua leseni, bima na kadi ya gari, akaenda kwenye gari lake, akarudi. Kisha, leseni yangu bado iko mkononi mwake, akauliza kama ningejali akitupa jicho ndani ya gari kidogo. Mimi mtoto wa Tanga, niliyelelewa kwamba mkubwa akiomba kitu haombi mara mbili, nikajibu: sawa, hakuna shida.

Nilisimama nje dakika arobaini. Mikono juu ya boneti, glovu nimeziacha kwenye kiti, na siruhusiwi kuzifuata. Akapekua chini ya viti, akafungua mfuko wa chakula changu cha zamu, akafika kwenye buti. Akanyanyua ule mfuko mweupe, akanitazama. Wenzangu wa pwani mnajua kwamba hata kwetu ukisema hadharani "nina unga kwenye buti" watu watageuka, wakidhani ni dawa za kulevya. Sasa mwelezee mtu asiyejua muhogo ni nini. Akachota kidogo, akatia kwenye kipakiti chenye dawa, akatikisa, akasubiri rangi ibadilike. Haikubadilika. Akanirudishia leseni, akaniambia nitengeneze taa, akanitakia siku njema.

Nilifika nyumbani nikamsimulia mke wangu kama kichekesho. Kwa miaka mitatu nikakisimulia hivyo, kwenye misiba na kwenye harusi, na watu wakacheka. Kicheko kiliniishia siku niliposoma kwamba ningeweza kusema hapana, na kwamba yule kijana alijua.

Mimi si wakili. Ni mbeba boksi niliyeishi huku miaka mingi, na ninayoandika hapa ni ya kumwambia mdogo wangu aliyetua jana. Ukiwa na kesi, tafuta wakili mwenye leseni ya jimbo lako, wala si binamu wa mtu wala "mtaalamu wa makaratasi".

Niliyasoma nilipokuwa najiandaa kwa mahojiano ya uraia. Maktaba ya mtaani kwetu ilikuwa na darasa la bure, Alhamisi jioni, linaloendeshwa na bibi mmoja mwalimu mstaafu. Wakati huo maswali ya uraia yalikuwa 100, ofisa anakuuliza hadi 10, unatakiwa upate 6. Waliopeleka maombi kuanzia Oktoba 20, 2025 wana mtihani mzito zaidi: maswali 128, unaulizwa hadi 20, upate 12. Wengi wetu tulikariri kama watoto wa madrasa. Katiba iliandikwa Philadelphia mwaka 1787. Ina marekebisho 27. Kumi ya kwanza, yanayoitwa Mswada wa Haki, yalipita mwaka 1791. Swali linalofuata.

Bibi yule hakupenda kasuku. Jioni moja dada mmoja wa Bukavu akamuuliza: mwalimu, hizi haki si za raia tu? Badala ya kumjibu, alitugawia maandishi yenyewe na kalamu nyekundu, akasema pigeni mstari kila mnapoona neno "raia" na kila mnapoona neno "mtu" au "watu".

Fanya zoezi hilo nyumbani, litakufundisha kuliko video kumi. Marekebisho ya Nne, yanayokataza upekuzi na ukamataji usio na sababu ya msingi, yanasema "watu". Ya Tano, kwamba hulazimishwi kujitolea ushahidi dhidi yako mwenyewe, yanasema "mtu yeyote". Ya Kumi na Nne, yaliyoingizwa mwaka 1868 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa utumwa, yanazuia jimbo kumnyima "mtu yeyote" ulinzi sawa wa sheria. Neno "raia" utalikuta hasa kwenye marekebisho ya kura: la 1870 la rangi, la 1920 la wanawake, la 1964 la kodi ya kura, la 1971 la vijana wa miaka 18.

Na si maandishi tu. Mwaka 1886 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya dobi wa Kichina wa San Francisco, inayoitwa Yick Wo. Mji ulitunga sheria kwamba anayefua nguo kwenye jengo la mbao lazima aombe kibali. Kwenye karatasi, sheria ya watu wote. Wachina karibu 200 wakaomba, wakanyimwa wote. Wasio Wachina karibu 80 wakaomba, wakapewa wote isipokuwa mmoja. Mahakama ikasema ulinzi wa Marekebisho ya Kumi na Nne ni wa kila aliye ndani ya nchi hii, hata asiye raia. Kwa hiyo mtu akikwambia "wewe mgeni huna haki hapa", hajui historia ya kwao.

Lakini nilichotaka kusema hasa ni hiki: hizo haki nyingi hazijilindi zenyewe. Zinakaa kimya mpaka uzitaje, na sisi tunazigawa bure kwa adabu. Tunazitoa kwa neno moja, "sawa".

Bibi alituletea kesi ya mwaka 1973 kutoka California, na niliposikia inavyoanza nilikaribia kunyanyuka kitini. Gari limesimamishwa usiku kwa sababu taa moja ya mbele imeungua, na ya kibao cha namba pia. Taa! Askari akaomba kupekua, abiria mmoja akajibu kwa ukarimu kabisa kwamba endelea tu, na hata buti akasaidia kufungua. Chini ya kiti cha nyuma zikakutwa hundi za wizi. Mahakama ya Juu ikasema upekuzi ule ulikuwa halali kwa sababu ruhusa ilitolewa kwa hiari, na kwamba askari halazimiki kukueleza kuwa unaweza kukataa. Yaani kujua ni mzigo wako.

Sasa ngoja niseme jambo la lugha, ambalo sijaona mtu akiliandika na linatuponza Waswahili. Askari wa huku mara nyingi hakuulizi "naweza kupekua?" Anakuuliza kama "utajali" akipekua. Kwa Kiingereza, ukijibu "no" umemruhusu, ukijibu "yes" umemkatalia. Juu ya hapo, sisi tukiulizwa swali la kukanusha tunajibu kwa kukubaliana na aliyeuliza: "Huna silaha?" "Ndiyo", yaani ndiyo, sina. Mmarekani amesikia kwamba unayo! Kwa hiyo usijibu kwa neno moja kamwe. Jibu kwa sentensi nzima, uliyoifanyia mazoezi bafuni mpaka ulimi umezoea: "I do not consent to a search." Sauti ya kawaida, mikono kwenye usukani. Usiongeze maelezo, usiombe radhi.

Kuna yasiyo ya hiari, nayo uyajue ili usijifanye mjuaji mahali pabaya. Dereva lazima atoe leseni, kadi ya gari na bima. Akikuambia ushuke garini, shuka. Mahakama ilimpa mamlaka hayo mwaka 1977. Kama una kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, na umetimiza miaka 18, sheria ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, inakutaka utembee nayo. Na gari si nyumba: tangu mwaka 1925 askari anaweza kulipekua bila hati ya hakimu akiwa na sababu ya kutosha kuamini kuna magendo ndani, kwa mfano ameyaona kwa macho kwenye kiti. Akilazimisha kupekua baada ya wewe kukataa, usimzuie kwa mkono. Umeshasema; maneno yako ni ya kumsaidia wakili wako baadaye mbele ya hakimu. Ugomvi wa barabarani hakuna mhamiaji aliyeushinda.

Pia hawezi kukuweka pale mpaka achoke. Kuna kesi ya Nebraska, iliyoamuliwa mwaka 2015: askari alishamaliza kumwandikia dereva onyo, kisha akamshikilia dakika saba au nane zaidi ili mbwa azunguke gari. Mahakama ikasema kazi ya taa au mwendo ikiisha, kumsimamisha mtu nako kumeisha, isipokuwa kuna shaka ya msingi ya kosa jingine. Dakika saba! Mimi na arobaini zangu nilizitoa mwenyewe. Na simu yako, tangu 2014, haipekuliwi kwa sababu tu umekamatwa. Waombe hati ya hakimu. Uwanja wa ndege unaporudi kutoka nyumbani ni habari nyingine kabisa: mpakani mizigo hufunguliwa bila hati yoyote, kwa hiyo dagaa wako watangaze kwenye fomu.

Mlangoni nako kuna mtego wetu wa kuzaliwa nao. Mtu akipiga hodi, mdomo unasema karibu kabla kichwa hakijafikiri, na mkono umeshafungua mlango kwa upana. Huku, kufungua na kurudi nyuma kumpisha ofisa kunaweza kuhesabiwa kuwa umemkaribisha. Ongea naye mlango ukiwa umefungwa. Muulize kama ana hati, na aipitishe chini ya mlango au aibandike dirishani uisome. Tazama vitu viwili: anwani, na sahihi. Hati ya hakimu wa mahakama ni kitu kimoja. Hati iliyosainiwa na ofisa wa uhamiaji ni kitu kingine, na kwa maandishi makubwa zinafanana. Kama huruhusu, sema kwa sauti kwamba huruhusu, kisha mpigie wakili. Usikimbie wala usitoe karatasi za uongo. Mfundishe hivyo hivyo na bibi aliyekuja kulea mjukuu, maana ndiye anayeshinda nyumbani, na kwake kumwacha mgeni nje ni aibu.

Kuhusu kunyamaza, sinema zimetuharibu. Watu wanadhani askari asipokusomea zile haki za Miranda, kwamba unaweza kunyamaza na kuwa na wakili, kesi inafutwa. Sivyo. Ile kanuni ya mwaka 1966 inahusu kuhojiwa ukiwa umewekwa chini ya ulinzi. Maswali ya kawaida barabarani hayamo, na hata ikivunjwa, kinachotupwa kwa kawaida ni maneno yako tu. Ernesto Miranda mwenyewe, mtu wa Phoenix, alishtakiwa tena bila yale maungamo na akafungwa vilevile.

Kesi inayonikosesha usingizi ni ya Michigan. Bwana Thompkins alikamatwa kwa mauaji, akasomewa haki zake, akahojiwa kwa muda wa karibu saa tatu, sehemu kubwa yake akiwa kimya. Hakusema kwamba anataka kunyamaza. Alinyamaza tu, kama mtu yeyote angedhani inatosha. Mwishoni mpelelezi akamuuliza kama anamwamini Mungu. Ndiyo. Kama anamwomba Mungu. Ndiyo. Kama anamwomba Mungu amsamehe kwa kumpiga risasi yule kijana. Ndiyo. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 kwa 4, ikasema ile ndiyo inafaa kuwa ushahidi, kwa sababu mwenye kutaka haki ya kunyamaza lazima aiseme kwa mdomo. Yaani ili unyamaze, kwanza zungumza. Sisemi alikuwa hana hatia. Ninachokuambia ni kwamba usikae kimya ukidhani ukimya ni kinga. Sema unataka kunyamaza, sema "I want a lawyer", kisha ndipo ufunge mdomo, hata wakikuletea kahawa na maswali ya dini.

Na usidanganye. Kunyamaza ni haki, uongo kwa ofisa wa shirikisho ni kosa la jinai peke yake.

Ndiyo mbaya kuliko zote sikuisema mimi. Jamaa yetu mmoja, mtaratibu, hajawahi hata kupata tiketi ya mwendo, alikwenda kuchukua leseni akiwa na kadi ya kijani. Tangu sheria ya 1993, ofisi za leseni katika majimbo mengi hukuuliza hapo hapo kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Karani alikuwa na foleni ndefu, akamsomea haraka haraka, jamaa akawa anajibu yes, yes, sahihi hapa, sahihi pale. Wiki chache baadaye kadi ya mpiga kura ikaja kwa posta. Akaiweka kwenye droo pamoja na vipeperushi vya piza. Hakupiga kura hata siku moja.

Miaka sita baadaye, kwenye mahojiano ya uraia, ofisa akamsomea maswali yaliyomo kwenye fomu: umewahi kujiandikisha kupiga kura? Umewahi kudai kuwa wewe ni raia wa Marekani? Ombi likakataliwa, na tangu hapo fedha zake zinakwenda kwa wakili. Sheria ya 1996 ni kali mno kwa asiye raia anayedai uraia kwa uongo, na msamaha wake ni mwembamba kama uzi. Kwa hiyo, ndugu yangu: kwenye ofisi ya leseni, ukiwa huna uraia, isome skrini mwenyewe neno kwa neno hata foleni ikuzomee. Kama kadi ya kura imeshakuja kwa makosa, usiitupe na usiitumie. Ipeleke kwa wakili wa uhamiaji kabla hujajaza fomu yoyote.

Bangi nayo, kwa ufupi. Jimbo linaweza kuihalalisha, duka likawa na taa nzuri kuliko la dawa, lakini kwa sheria ya shirikisho bado ni kosa, na uhamiaji ni wa shirikisho. Raia anavuta, wewe unapoteza. Hata kazi ya kuuza dukani humo iache.

Ukifika mahakamani, huko ndiko ndiyo inakuwa biashara rasmi. Mahakama ya Juu yenyewe ilitaja mwaka 2012 kwamba asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho, na 94 katika za majimbo, zinatokana na mshtakiwa kukiri kosa. Watakupa kosa dogo, faini kidogo, uende nyumbani leo leo. Kwa raia huenda ni nafuu kweli. Kwako huenda ni tiketi ya ndege. Jose Padilla, dereva wa lori mzaliwa wa Honduras, aliyelitumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, alikamatwa Kentucky na shehena ya bangi. Wakili wake akamwambia asiogope uhamiaji, ameishi hapa muda mrefu. Akakiri, kumbe kosa lile linamfukuza nchini. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikasema wakili wa jinai ana wajibu, chini ya Marekebisho ya Sita, kumweleza mteja wake asiye raia kama kukiri kunaweza kumfukuzisha. Ninyi mnaoendesha malori, na najua mko wengi, muulizeni wakili swali hilo kabla ya kusaini chochote, na jibu mlitake kwa maandishi.

Kwenye kesi ya jinai inayoweza kukufunga, wakili utapewa bure kama huna uwezo, na hilo tunamshukuru mfungwa wa Florida, Clarence Gideon, aliyenyimwa wakili kwenye kesi ya kuvunja ukumbi wa pool, akaandika ombi lake kwa penseli akiwa gerezani na likafika Washington. Alishinda mwaka 1963, akahukumiwa upya akiwa na wakili, akaachiwa. Mahakama ya uhamiaji haina ukarimu huo. Kule serikali kwa kawaida haikulipii, kwa hiyo anza kuweka akiba.

Dada mmoja huku aliniuliza juzi mbona kaka yake kafukuzwa kazi kwa alichoandika Facebook na "uhuru wa kusema upo". Upo, dhidi ya serikali. Marekebisho ya Kwanza hayamzuii mwenye ghala wala mwenye nyumba ya wazee. Bosi binafsi ana sheria nyingine za kumbana, za ubaguzi na za vyama vya wafanyakazi, lakini si hiyo.

Mwaka jana nilisimamishwa tena. Raia sasa, gari jipya, taa zote zinawaka. Safari hii ni mwendo, maili tisa juu ya kiwango, kosa langu. Watoto wako nyuma. Askari mwingine, naye mpole, naye akauliza kama ningejali. Niliisema ile sentensi. Sauti ilitetemeka, na Kiingereza changu kikarudi kuwa cha mwaka wa kwanza. Akanitazama kwa muda, akauliza kama nina kitu cha kuficha. Nikairudia, neno kwa neno. Akarudi garini kwake, akakaa huko, mimi nahesabu. Dakika sita. Akaja na tiketi ya mwendo, akanionyesha pa kulipia, akaondoka.

Binti yangu akauliza, baba, kwani kwenye buti kuna nini?

Unga, nikamwambia. Kilo nne.